Milibari Tano

Barua ilifika Wete siku ya Jumatatu, nami niliisoma nimesimama uwanjani, baina ya kipimamvua na kile kisanduku cheupe cha mbao tunachowekea vipimajoto. Nilipofika mstari wa nne nikahisi masikio yanachemka. Ilisema kwamba vipimo vya mgandamizo wa hewa vya kituo chetu, kwa muda wa miaka miwili, vilikuwa haviaminiki. Kwamba kompyuta ya utabiri ilikuwa inavikataa. Na kwamba mkaguzi atakuja kutoka Dar es Salaam kuangalia kama vipimo hivyo vinapimwa kweli.

Vinapimwa kweli! Kwa lugha isiyo ya barua, nilikuwa naambiwa napika. Kupika, kwetu sisi wapima hali ya hewa, ni kukaa nyumbani ukajaza daftari kwa namba za kichwani mwako, kisha ukazituma kama vile umezisoma kwenye chombo. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo katika kazi yetu. Kituo chetu kilikuwa kidogo, cha mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo aliyetukanwa alijulikana, na wa kufukuzwa kazi alijulikana vilevile.

Nataka niseme mapema kwamba mimi ni mwepesi wa hasira. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa mvua ya masika, ndiyo maana nangurumanguruma. Basi siku ile nilinguruma peke yangu mpaka adhuhuri. Miaka kumi na moja nimekuwa nikitoka saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, jua liwe linapasua vichwa au mvua iwe inapiga kwa ubavu, nasoma joto, unyevu, upepo na mawingu, kisha naingia ndani kwenye baromita ya zebaki. Leo kompyuta isiyojua hata njia ya kuja Wete ndiyo inikatae?

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Vipimo vilifika Dar, pale kulikuwa na mabwana waliovijaza kwenye ramani na kuchora mistari ya mgandamizo kwa penseli. Kituo kimoja kikizidi kidogo, mchoraji aliupitisha mstari wake pembeni, basi, yamekwisha, na wala hakukwambia. Kompyuta haina muhali. Nilivyoelezwa, hesabu zake huigawa dunia nzima katika miraba, na kila mraba hupewa namba zake za sasa hivi. Kisha kila mraba unawapa majirani zake na kupokea kwao, dakika kumi baada ya dakika kumi, mpaka inafika kesho. Ni kama bao. Ukianza na kete za uongo katika shimo moja, ukizungusha mara kumi tu mchezo wote umeharibika. Kwa hiyo kabla ya kuanza, inamkagua kila anayeleta kete, na asiyefanana na majirani zake hutolewa nje. Tena kisiwa chetu chenyewe cha Pemba, katika miraba ile mikubwa ya wakati ule, kilihesabiwa kuwa ni bahari. Nilicheka kwa uchungu nilipoambiwa hilo. Sisi tunapalilia mihogo, kumbe tumo majini.

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitampa hata maji, lakini alipopiga hodi na kunisalimia kwa adabu, miguu yangu ikaenda yenyewe jikoni kuteleka chai. Alikuwa kijana kuliko mimi, mpole, wa bara, ana kompyuta ya kubeba ambayo aliiweka juu ya meza yangu kama mtu anayelaza mtoto.

"Dada," akasema, "sikuja kugombana. Nimekuja kulinganisha."

"Linganisha," nikamwambia. "Wallahi sijapika hata siku moja."

Nilisema hivyo bila ya kupepesa. Akalifungua daftari langu mwaka wa nyuma, akachagua siku moja kwa makusudi. Siku hiyo, akasema, kompyuta ilitabiri ukavu Pemba nzima, na mimi nimeandika saa tisa alasiri radi na mvua kubwa. Kisha akafungua picha ya setilaiti ya saa ile ile. Sikuwahi kuiona picha kama ile kwa karibu. Bahari nyeusi, pwani ya Tanga kijivu, na juu ya kisiwa chetu tu, kama bonge la wali lililoanguka mkekani, wingu moja jeupe. Kompyuta iliyotuhesabu kuwa bahari isingeweza kujua kwamba ardhi yetu hupata joto mchana na kupandisha mawingu yake yenyewe. Setilaiti haikuhesabu kitu, iliangalia tu.

"Mvua hii ilikuwepo," akasema.

"Ilikuwepo, ndiyo. Si ndiyo iliyonirowesha mie!"

Akacheka. Akachagua siku nyengine, na nyengine. Zote mawingu yangu yalikuwa mahali pake. Nikahisi mabega yanashuka. Nilimwongezea chai bila ya kuombwa na nikatoa na mkate wa mofa niliokuwa nimeuficha.

Lakini mgandamizo ulibaki pale pale. Akanionesha mistari mitatu kwenye kioo: Tanga, Unguja na sisi. Ya Tanga na Unguja ilikwenda pamoja, inapanda na kushuka kama ndugu wawili njia moja. Wa kwetu ulipanda na kushuka nao, lakini juu yao, daima juu yao, kwa milibari tano.

"Mtu anayepika," nikasema, "ndiyo atakosea tano kila siku ya Mungu? Njia ya mwongo fupi. Angekosea tatu leo, kesho nane."

"Hilo nimeliona," akajibu. "Ndiyo maana nataka kuiona baromita."

Nikampeleka. Kando ya baromita ukutani ilibandikwa kadi ya masahihisho. Kila kituo kina kadi yake. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, kwa hiyo unachokisoma lazima ukiongeze kiasi fulani, kwa kadiri ya urefu wa kituo kutoka usawa wa bahari, ndipo vituo vyote viweze kulinganishwa. Kadi yetu ilisema tuongeze saba. Iliandikwa kwa wino wa buluu na mwalimu wangu, aliyenifunza kazi hii na kustaafu, mwandiko umelala vizuri kama wa mikataba ya zamani. Mkaguzi akaitazama, akatoka nje, akaitazama bandari iliyo karibu nasi, akarudi.

"Aliyeandika hii amekosea," akasema. "Hapa ilitakiwa mbili."

Damu ikanipanda tena. Mwalimu wangu hakuwa mtu wa kukosea. Nilimwambia mgeni wangu asiandike chochote mpaka kesho, na alasiri ile ile nikaenda Tumbe, kijijini kwake.

Nilimkuta mwalimu anatengeneza banda la kuku, misumari imemjaa mdomoni. Nikamwamkia, akaniitikia kwa puani. Nikamweleza habari yote, barua, mkaguzi, tano, saba na mbili, naye anapigilia tu. Nilipofika pale pa "amekosea", akatema misumari mkononi.

"Mie?"

"Ndivyo anavyosema, mwalimu."

"Kadi ile niliiandika kule juu kilimani, kituo kiko kwenye nyumba ya zamani. Mita sitini! Saba ni saba. Hebu nambie, kituo sasa kiko wapi?"

"Kiko chini, mwalimu. Nyumba ya juu ilipoezuka mwaka juzi, tulihamia karibu na ghala la bandarini."

"Na kadi?"

"Niliibandua kwa maji ya moto pole pole, isichanike. Nkaja kuibandika."

"Vivyo hivyo?"

"Vivyo hivyo."

"Ukaiacha na saba yake?"

Nilijisikia nina miaka saba, nimesimama chuo cha Kurani na ubao mkononi. "Mwandiko wako huo, mwalimu. Mie nani hata niukate?"

Ukweli ulikuwa huo, na mpaka leo naona wapo watakaonielewa. Kwetu mtu hapiti na kalamu juu ya mwandiko wa mwalimu wake. Unaweza kumbishia moyoni, unaweza kumsahau, lakini mkono wake hauufuti, kwa kuogopa kukosa radhi. Siku ya kuhama nilibeba baromita kwenye mapaja, na kadi niliibeba kifuani. Nikaipaka uji wa muhogo nyuma, nikaibandika, nikafurahi kwamba kituo kipya kina baraka ya mtu wake. Haikunipitikia kabisa kwamba ile saba ilikuwa ya mlima, si ya mwalimu.

Mzee akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. "Kwa hivyo sikukosea," akasema. "Yakhe, ntoto huyu kanitia presha bure. Kamwambie huyo bwana wa Dar, mie sikukosea!" Kisha akakasirika. "Miaka miwili! Na unajiita mwanafunzi wangu!" Kisha akacheka tena, akanipa mayai manne.

"Kadi nyengine utaniandikia, mwalimu?"

"Andika weye. Mkono si unao?"

Nilirudi Wete nimekasirikiwa, nimechekwa, na moyo mweupe. Kosa lilikuwa langu, tena la kijinga, lakini ujinga haufanani na uongo. Hilo lilinitosha.

Asubuhi nikamweleza mkaguzi. Hakucheka, ila niliona anajizuia. Akaketi kwenye kompyuta yake, akaiamuru itoe tano katika kila kipimo cha miaka miwili, vyote kwa mara moja. Mstari wetu ukashuka. Ukalala juu ya ile ya Tanga na Unguja, ukapanda nayo na kushuka nayo, mwezi baada ya mwezi, mpaka sikuweza tena kujua upi ni wetu. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Vipimo elfu mbili na ushei, vyote vimepona.

"Isipokuwa hiki," akasema.

Palikuwa na nukta moja, peke yake, juu ya mistari. Asubuhi moja ya Februari. Siku hiyo kulikuwa na kimbunga mbali, upande wa kisiwa cha Bukini, na mgandamizo ulishuka pwani nzima. Tanga umeshuka, Unguja umeshuka, Wete umebaki vile vile ulivyokuwa asubuhi ya jana yake, mpaka nukta ya desimali.

Niliijua siku ile kabla hajamaliza kusema. Ningeweza kusema chombo kilikwama. Angeamini, naona, au angejifanya kuamini.

"Hiyo nilipika," nikamwambia. "Binti yangu alishikwa na degedege alfajiri. Nilikuwa naye hospitali. Nilirudi saa tano, nikanakili ya jana. Na jana nimekuapia wallahi."

Nililisema nikitazama meza. Mara ya kwanza namwambia mtu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya hasira tangu Jumatatu, na hasira ilikuwa ya haki kwa siku zote mia saba na thelathini, ila ile moja. Nikangoja aandike.

Akaiwekea alama ile nukta, akabonyeza, ikatoweka, na mahali pake kwenye jedwali akaandika: hakuna kipimo.

"Mtoto alipona?" akauliza.

"Alipona. Yuko chuoni sasa, anasoma juzuu ya amma."

"Haya, dada," akasema. "Saa tatu inakaribia. Nenda kasome."

Nikatoka uwanjani na daftari langu, nalia, nasoma joto, unyevu, upepo, mawingu. Niliporudi ndani nikaisoma baromita, nikaongeza mbili, nikatuma.