Mpiga Kinanda Siku ya Mazishi

Kila Jumapili mpiga kinanda hufika kanisani mapema kutoka Tudor, huvua viatu, hupangusa vidole kimoja kimoja kwa leso, ndipo huketi. Vidole vyenyewe vimepinda kwa baridi yabisi, lakini akianza kupiga hulainika. Siku ya kumzika mkewe alifanya vivyo hivyo. Loise, kiongozi wa kwaya, akamsogelea.

“Mzee wangu, leo kaa na wanao. Sisi tutaimba bila kinanda.”

“Nikikaa kule, mwanangu, mikono nitaiweka wapi?”

Akapiga nyimbo zote bila kukosea. Jeneza likatolewa, watu wakalifuata nje, naye bado anapiga. Loise alijua wanangojwa, lakini aliketi kando yake, akamfungulia wimbo mwingine katika kitabu cha nyimbo.