Mzee Hironimus Aliyeogopa Nyama ya Kuku

Jirani yangu wa mtaa wa Mfaranyaki, Mzee Hironimus Haule, alikuwa mpima tumbaku wa chama cha ushirika mpaka soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, naye akarudishwa nyumbani. Vilivyobaki kumpa heshima mtaani ni kuku wake wa kienyeji na redio ya betri. Kuku aliwapenda. Redio aliiamini kuliko padri, na mwanzoni mwa mwaka 2006 redio ikaanza kuzungumzia mafua ya ndege.

Tangu hapo tulikoma. Ukimpa shikamoo anaitikia marahaba, kisha anakutajia nchi zote zilizopatwa. Nyama ya kuku aliipiga marufuku nyumbani kwake, na mayai pia, hata yaliyochemshwa yakakauka. Kwenye kipaimara cha binti yangu Devota nilichemsha majogoo tangu asubuhi, nyama ikawa inaachia mfupa yenyewe. Mzee akaisukuma sahani mbele ya wageni wote.

"Mama Devota, mimi niletee maharage. Kifo sikifuati mezani."

Wageni wakatazamana, na mmoja baada ya mwingine wakaomba maharage. Sufuria nzima ilinidodea. Hasira niliyokuwa nayo siku ile bado ninayo.

Haukupita muda kuku wake mwenyewe wakaanza kusinzia. Shingo zinapinda, kinyesi kijani, asubuhi unakuta wengine wamelala miguu juu. Mkewe Adela, mama mpole asiyembishia mumewe mbele ya watu, akamwomba Baba Saimon, kama alivyomwita, amwite bwana mifugo.

"Aje awachome moto wote?" Mzee aling'aka. "Si nimesikia redioni wanavyofanya huko ng'ambo?"

Akaamua kuwaficha. Waliobaki, pamoja na jogoo mwekundu aliyempenda kuliko wote, aliwaingiza chumba cha ndani, alikolala mjukuu wake Leticia, mtoto mdogo ambaye hata shule hajaanza, maana huko bwana mifugo hawezi kuchungulia. Akawa anawapanua midomo kwa vidole na kuwanywesha maji ya pilipili, anawafuta kamasi kwa pindo la shati, kisha anajipangusa kwenye suruali na kumega ugali sahani moja na mtoto. Waliokufa aliwashika miguu kwa mikono mitupu, akaenda kuwatupa bondeni. Nilipomwuliza kama haogopi, alinishangaa kweli.

"Niogope nini? Mimi kuku sili."

Wiki ileile Leticia akashikwa na homa na kikohozi. Adela akamfunga mgongoni, mimi nikabeba khanga na chupa ya maji, tukaenda naye kituo cha afya, Mzee akiwa mbele. Daktari wa zamu, kijana aitwaye Raphael, alimsikiliza mtoto kifua, akauliza kama nyumbani kuna kuku wagonjwa au waliokufa.

"Sisi kuku hatuli kabisa," Mzee akajibu.

"Sijauliza mnakula nini, mzee wangu. Kuna waliokufa?"

Mzee akatazama dirishani. Nilimwona anavyopiga mahesabu: huku mjukuu anahema kwa shida, kule jogoo wake mwekundu. Nilitamani kumzaba kofi, umri wake na shikamoo zangu zote niviweke kando. 

"Wamekufa wengi," Adela akasema. "Waliobaki wanalala na mtoto."

Raphael hakumgombeza mtu. Alijifunga kitambaa puani na mdomoni, akamhamishia mtoto chumba cha peke yake, akachukua damu, akatuma mtu kwa bwana mifugo. Ndipo akamkalisha Mzee. Nyama iliyoiva sawasawa haina neno, alimwambia, na yai nalo likiiva mpaka kiini. Ugonjwa ule ukiwapo unakaa kwenye kamasi, kinyesi, damu na manyoya ya ndege mgonjwa. Mtu anaupata kwa kumshika au kuvuta vumbi lake. Kuku walale bandani, nje. Akiugua mmoja, asiguswe kwa mikono mitupu, watoto wakae mbali, watu wanawe kwa sabuni, bwana mifugo aitwe siku hiyohiyo.

"Na mtu akipata homa baada ya hapo," alimalizia, "amwambie daktari kabla hajaulizwa."

Tulisubiri, Adela rozari mkononi, mimi siwezi hata kukaa. Bwana mifugo alikuta ni kideri, ugonjwa wa kuku ambao chanjo ingeukinga kama angeitwa mapema. Damu ya Leticia ilionyesha malaria. Alipewa dawa, akalazwa, na homa ilipoisha tukaenda kumchukua.

Hapo Mzee akarudiwa na sauti yake ya redio. "Mmeona? Si nilisema kuku wangu hawana ugonjwa ule?"

Adela alikuwa ameinama anamvalisha mtoto kandambili. Hakuinua kichwa.

"Hukusema, Baba Saimon. Uliulizwa, ukanyamaza. Ugonjwa ungekuwa ndio ule wa redioni, leo tungekuwa tunamzika mtoto huku jogoo wako anawika."

 Mzee alimbeba mjukuu wake, akashika njia ya nyumbani, na sisi tukamfuata.