Mpiga Mbiu wa Faza na Kampuni ya Usumba

Kabla ya kuwa mpiga mbiu, Gharib wa Bwanamkuu alikuwa mwashi. Siku moja alianguka kutoka juu ya dari aliyokuwa akiitengeneza, na nyonga yake ya kushoto haikuunga vizuri. Mwashi asiyeweza kupanda juu hana kazi. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyekuwa akitangaza habari za mji wa Faza kwa miaka mingi, alikuwa ameshazeeka, basi akamkabidhi ile pembe ya kupulizia pamoja na masharti yake. Neno la mtu lipeleke kama ulivyopewa. Usiongeze, usipunguze. Ukiulizwa zaidi, sema hujui.

Gharib aliyashika masharti hayo. Mbuzi akipotea, mtu akifariki, mudiri, msimamizi wa serikali hapo mjini, akitaka watu wakutane, Gharib alizunguka mitaani kwa mwendo wake wa kuchechemea, akapuliza pembe na kusema. Watu walimwamini kwa sababu hakuwa na la kwake katika yale aliyoyasema.

Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na nne, kampuni moja kubwa ya Mombasa ilifungua bohari Faza. Ilikuwa na kiwanda cha kutengeneza kamba, mazulia ya mlangoni na magodoro, na ilitaka usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Kazi ya usumba ilikuwa ya wanawake tangu zamani. Waliyafukia makumbi kwenye matope ya ufuoni, wakayaacha miezi hata yakalainika, kisha wakayafukua na kuyaponda kwa magongo hadi nyuzi zikaachana. Dada yake Gharib, Bi Mwanamkisi, alikuwa miongoni mwa wapondaji hodari. Alikuwa mjane, mikono yake imekauka kwa chumvi, na alikuwa hapendi mtu kumrudishia neno.

Wakala wa kampuni hapo Faza aliitwa Bwana Kamaludin, mtu wa Mombasa, mpole, mwenye kuvaa suruali hata siku za joto. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alimwita Gharib atangaze siku za kupokea usumba, akakumbuka kuacha Ijumaa. Wazee waliposema bohari lisijengwe upande upepo unakotokea, kwa ajili ya harufu, akalihamisha. Kampuni ilileta taa ya karabai msikitini na mabati ya kuezekea ofisi ya mudiri. Kwa miaka miwili hakuna aliyeilalamikia.

Kisha ikaja barua. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, na mvua za vuli zilikuwa zimepita bila kunyesha vya kutosha. Kamaludin alimwita Gharib boharini na kumsomea. Wanunuzi wa magodoro ng'ambo wamelalamika: usumba una chumvi, na chumvi inavuta unyevu, godoro linanuka. Kuanzia sasa kampuni itapokea tu usumba uliooshwa kwa maji matamu.

Gharib alisimama na pembe yake kwapani. "Mai ya wapi, Bwana Kamaludin?"

"Barua haikusema."

Hilo lilikuwa swali la kwanza ambalo Gharib alikuwa amemuuliza mwenye neno tangu aanze kazi. Akatoka, akapuliza pembe, akatangaza kama alivyopewa.

Kesho yake alfajiri, wanawake walijaa kwenye visima viwili vya maji ya kunywa. Siku ya nne kisima cha karibu na msikiti kilikuwa kinatoa tope. Wakaanza kuteka kwenye jabia, lile birika kubwa la mawe ambalo msikiti ulikingia maji ya mvua, na mwangalizi wake, Mzee Abdulhalim, akatia kufuli mlangoni. Akamtuma Gharib atangaze kwamba maji ya jabia ni ya kunywa na kutawadha, na atakayeoshea usumba ana dhambi ya wakfu. Gharib akalitangaza hilo pia, katika mitaa ile ile na kwa sauti ile ile.

Alipofika mlangoni kwa dada yake, alimkuta amekaa juu ya mzigo wa usumba uliorudishwa kutoka bohari.

"Juzijuzi umepita hapa ukatwambia tuoshe," Bi Mwanamkisi alisema. "Yeo wapita watwambia tusioshe. Tushike lipi?"

"Mimi si mwenye neno, dada. Mimi napeleka tu."

"Wapeleka kwetu. Na letu nani alipeleka kule?"

Gharib aliitia pembe kwapani akaondoka. Alirudi nyumbani, na siku mbili hakutoka. Watu waliofikiri anaumwa nyonga hawakukosea sana, lakini kilichomkalisha ni aibu. Alikuwa ameyashika masharti yote ya mjomba wake, na bado watu walikuwa wamedanganyika kwa mdomo wake.

Siku ya tatu Kamaludin alimwita tena. Kulikuwa na tangazo jipya: atakayeleta usumba wenye chumvi ataondolewa katika daftari la kampuni.

"Nitalipeleka," Gharib alisema, "lakini twende sote. Mimi nitapuliza pembe, wewe utasema."

"Hiyo ni kazi yako, Bwana Gharib."

"Mdomo ni wangu, neno ni lako. Mara hii lisemee mwenyewe. Ukikataa, tafuta mwingine."

Kamaludin alitazama barua, akamtazama yeye. Mwishowe akavaa kofia yake.

Hawakufika mbali. Kwenye mtaa wa kwanza wanawake walimzunguka, na kila mmoja alikuwa na swali. Kamaludin alitoa karatasi mfukoni akaanza kuandika. Kwenye kile kisima kingine, Bi Mwanamkisi aliweka karai mbele yake na kutupia ndani fungu moja la usumba.

"Osha, Bwana. Tuonyeshe ndia."

Watu walidhani atakasirika. Akakunja suruali yake, akateka. Aliteka ndoo ya kwanza, ya pili, ya sita, akisugua na kukamua, na maji yakizidi kuwa mekundu. Baada ya ndoo ya kumi na moja alilamba unyuzi mmoja, akatema. Hakulisema lile tangazo alilolijia. Alirudi boharini amelowa mpaka magotini, na jioni ile akaandika barua ndefu Mombasa.

Majibu yalichukua wiki sita. Alikuja bwana mkubwa wa kampuni, akakaa na mudiri, na Mzee Abdulhalim, na kwa kung'ang'ania kwa Kamaludin, na wanawake watatu. Wakakubaliana: Faza itatoa usumba wa kamba na mazulia tu, ambao chumvi haiudhuru, na ule wa magodoro kampuni itautafuta kwingine. Tena bwana mkubwa akaahidi kwamba kampuni itajenga jabia lake yenyewe, mji usipungukiwe tena na maji.

Kwa hiyo mzigo uliotakiwa ukapungua karibu nusu. Wanawake wengi walirudia kusuka makuti na mikeka. Jabia la kampuni lilijengwa kuta tatu, chokaa ikaisha, mafundi wakaitwa Mombasa kwa kazi nyingine. Wenye kampuni wenyewe huko mbali, walioagiza chumvi itolewe, hawakuwahi kufika Faza, na pengine hawakujua kama mji huo upo.

Tangu hapo Gharib alikuwa akimhoji kila anayemletea neno. Baadhi ya watu walichukia. Ofisi ya mudiri ikaajiri tarishi wake, na kazi ya Gharib ikabaki mbuzi, maziko na arusi. Alisema kwamba hajuti, ingawa miezi mingine ilikuwa mizito.

Kampuni ilifunga bohari mwaka wa hamsini na tisa. Siku hiyo Gharib alikuwa nyumbani akingoja kuitwa, na hakuitwa. Adhuhuri dada yake akaja.

"Kamaludin kaja kwangu," alisema. "Kaja mwenyewe. Kakaa, kanywa kahawa, kasema wanafunga. Sasa yuko kwa jirani, kisha atakwenda kwa mwingine."

"Hakutaka nitangaze?"

"Nalimuuliza. Kasema hili si la kumtwika mtu."

Gharib akamuuliza kama amekula. Bi Mwanamkisi akasema bado, wakakaa wakala wali na samaki vilivyobaki tangu jana.