Shuka Nyeupe ya Bibi

Juzi mpwa wangu alikuwa akipanga nguo kwenye mala, sanduku lake la safari, anakwenda Lisboa. Nikamshauri, "Shuka weka juu, ndege ya usiku ina baridi."

"Mjomba, wewe ambaye safari zako zote ziliishia hapo Awasse, ndege unaijulia wapi?"

Naijulia kwa Bibi. Alasiri moja, nikiwa mdogo, alikuwa akifungasha kwenda Hija, chumba kinanuka udi na pweza mkavu. Nikaona shuka nyeupe imelazwa chini kabisa ya mzigo.

"Bibi, hiyo usiku ndegeni utaifikiaje?"

Bibi akacheka, akamwambia Mama aliyekuwa akimsaidia, "Mwanangu, iweke juu. Mjukuu wangu kashasema."

Sikujua ilikuwa sanda, akifia huko azikwe nayo. Aliporudi niliikuta imekunjwa vilevile, nikamgombeza, "Kumbe hukujifunika!"

"Alhamdulillahi," akajibu.