Homa ya Bati

Siku yangu ya kwanza kazini niligombezwa kwa sababu ya upepo. Zahanati yetu ilikuwa kando ya ziwa, upande wa Majita, na mimi nilikuwa nimeacha mlango wa chumba cha kujifungulia wazi. Muuguzi Mfawidhi, yaani mkuu wa wauguzi wa pale, aliusukuma ukajifunga, kisha akanigeukia.

"Perusi, mtoto mchanga hana nguvu ya kujipasha joto. Akipoa, tunampoteza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Nilielewa, na nikafanya hivyo kwa miaka mingi. Mtoto akitoka tu tunamkausha, tunamlaza kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, tunamvika kofia, maana joto lake jingi hupotelea kichwani. Adui wetu alikuwa baridi. Nilipohamishiwa Usagara, kwenye njia panda, adui alikuwa huyo huyo. Kule watu walikuwa na mashamba yao, miti yao, na jua likizama unatafuta kitenge cha kujifunika mabegani.

Kisha nikaletwa mjini, kwenye kituo cha afya chini ya mlima mmoja wa mawe. Mnaoijua Mwanza mnajua nyumba zetu zinavyopanda hadi juu, kila moja imejishikiza kwenye jiwe lake, bati limegusana na bati. Nilifika Septemba, kiangazi kimekolea, mvua za vuli bado. Nilipanga chumba Butimba. Jioni nikitoka kazini sikuweza kukaa ndani. Nikigusa ukuta, una moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na jua limekwishazama. Natoka, nakaa kibarazani, nainuka, nazunguka nyumba, narudi. Majirani walinizoea.

Kazini nako sikutulia. Kila alasiri waliletwa watoto wachanga wenye homa. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba homa ya mtoto mchanga haipuuzwi hata kidogo: inahesabiwa kuwa ni maambukizi ya damu mpaka vipimo viseme vingine, na sindano inaanza mara moja. Tulifanya hivyo. Lakini wengine, ukishawafungua mablanketi na kuwanyonyesha kwenye wodi yenye hewa, homa inashuka kabla hata dawa haijapata muda wa kufanya kazi, na vipimo havionyeshi kitu. Wanarudi nyumbani. Baada ya siku chache wanaletwa tena.

Mganga Mfawidhi, daktari mkuu wa kituo, alikuwa Mhaya mwenye sauti ya chini. Naye jambo hilo lilimsumbua. Tulikuwa tunapishana kwenye korido, yeye anakwenda, mimi narudi, hakuna aliyekaa.

Siku moja akaja Rebeka, binti wa watu, uzazi wake wa kwanza. Alikuwa na mama mkwe wake, Msukuma wa Misungwi, aliyembeba mtoto ndani ya mablanketi mawili. Nilipomfunua nikaona midomo imekauka. Utosi, ile sehemu laini ya juu ya kichwa, ulikuwa umebonyea, dalili kwamba maji yamepungua mwilini. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hakushika titi.

"Analala sana," Rebeka aliniambia. "Nilifikiri ni mpole."

Tulimkamulia maziwa, tukampa kwa kikombe kidogo, taratibu. Daktari akaanzisha sindano. Mama mkwe alisimama mlangoni, ameyakumbatia mablanketi. Kesho yake mtoto alilia kwa nguvu, na mimi nikamsogeza kwenye titi la mama yake.

Walipokaribia kuruhusiwa daktari akasema, "Sista, huyu simrudishi kabla sijaona anapolala. Twende."

Tulipanda saa tisa mchana, Rebeka akabaki wodini na mtoto, mama mkwe akituongoza. Mawe yalikuwa yanachoma kupitia soli za viatu. Chumba kilikuwa kimoja, bati bila dari, dirisha moja limezibwa na ukuta wa jirani. Daktari aliinua mkono kuelekea bati, hakuligusa, akaushusha.

"Mawe haya, saruji na bati vinakunywa jua mchana kutwa," alisema. "Jioni vinalitapika. Miti imekwisha, na upepo wa ziwa unagonga majengo ya chini hauwezi kupanda. Wataalamu wanauita mji wa namna hii kisiwa cha joto. Pembeni kuna ubaridi, katikati panachemka."

Mimi nimezaliwa nikiviona visiwa. Sikuwahi kufikiri nimehamia kimoja.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini. Nikachutama mbele yake.

"Shikamoo, mama. Sijakusalimu vizuri tangu juzi."

"Marahaba. Unataka kusema nimemuua mjukuu."

"Hapana, mama. Mjukuu anapona. Wewe wako uliwalelea wapi?"

"Misungwi. Nyumba ya nyasi. Usiku baridi. Usipomfunika mtoto, asubuhi huna mtoto."

"Hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Tukazungumza. Nikamwambia mtoto avae kitambaa chepesi mchana, anyonye mara kwa mara, maji asipewe yeye, anywe mama yake. Akauliza kama jioni anaweza kukaa naye nje, kwenye uchochoro, watu wasije wakamwangalia vibaya. Daktari akasema wamwangalie tu. Mwishowe mama huyo aliamua mwenyewe: aliwachukua Rebeka na mtoto wakaenda Misungwi mpaka mvua ziliponyesha.

Kuanzia hapo nilipanda mlima ule kila alasiri niliyopata nafasi, kila kiangazi. Nilibisha hodi kwenye vyumba vya wazazi wapya. Wengine walinipokea, wengine walinifungia mlango. Homa zilipungua, hazikwisha. Mwaka mmoja uliofuata aliletwa mtoto wa nyumba ambayo sikuwahi kuifikia, juu kabisa, na alifika tumeshachelewa. Jina lake lilikuwa bado halijatolewa. Mama yake aliniuliza tu, "Ni joto, sista?" Sikuwa na hakika, na nilimwambia hivyo.

Sasa nimestaafu, niko Buhongwa. Nilipojenga palikuwa na mashamba ya mihogo. Leo ni bati mpaka unapochoka kutazama, na jioni ukuta wangu nao umeanza kuwa wa moto. Binti yangu huniambia, "Mama, kazi imekwisha, kaa." Nakaa. Kisha nainuka.

Jirani amejenga vyumba vya kupangisha, kila kimoja dirisha moja. Nilikwenda kumsihi aweke madirisha pande mbili ili hewa ipite. Alisema madirisha huleta wezi. Nikaenda tena, na tena, mpaka mke wake akawa ananiona anacheka. Ameweka. Ni madogo, lakini yapo.

Jana mpangaji wa kwanza amehamia, msichana mwenye mimba kubwa, na leo jua ni kali. Sijui ametoka wapi wala mama yake yuko wapi. Nimeshafunga khanga yangu. Nakwenda kubisha hodi.