Nilivyowapima Wagombea wa Chama, Butembo na Beni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa saa nne asubuhi, na kabla ya saa sita nilikuwa nimerudi kazini.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Butembo. Secrétaire fédéral, yaani katibu wa chama kwa eneo letu lote, alinichukua kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Asubuhi ile alinipa daftari, akanituma katika soko moja la Bulengera nikawaulize wauzaji hamsini wanamtaka nani kwa kiti cha ubunge. Nilirudi mapema nikijisifu. Wote hamsini walikuwa wametaja jina la mgombea wetu.

Katibu hakulifungua daftari. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mama Katungu, hii kikwembe ulivaa ni ya nani?"

Kilikuwa kikwembe, yaani kitenge, cha chama, na sura ya mgombea wetu ilikuwa imechapwa kifuani na mgongoni.

"Batu hawakukujibu weye," alisema. "Bamejibu kikwembe. Enda kwako. Siwezi tumikisha mutu anauliza swali na jibu iko juu ya nguo yake."

Nilikwenda nyumbani nikilia, nikabadilisha nguo, nikarudi sokoni bila kutumwa na mtu. Safari hii majina yaliyotajwa yalikuwa matatu, na la mgombea wetu lilikuwa la pili. Nilipoweka daftari mezani, Katibu alisoma kurasa zote, akaniambia tu: "Kesho saa moja."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya upimaji. Ninyi vijana mnaona matokeo ya simu yakipita kwenye skrini, mnadhani ndiyo upimaji. Sisi tulipima kwa miguu na kwa masikio. Katibu alinifundisha kwanza swali la jirani. Humuulizi muuza maharagwe atampa nani kura yake, maana moyo wake ataufunika. Unamuuliza, "Hapa kwenye mstari wenu wa maharagwe, watu watampa nani?" Mtu huficha ya kwake, lakini ya jirani huyamwaga yote.

Baadaye alinifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo wanasiasa wengi huyachanganya mpaka wanazeeka. La kwanza ni nguvu ya mgombea: ni wangapi wanampenda, watavaa kikwembe chake, wataimba jina lake. La pili ni uwezo wake wa kushinda: ni wangapi wanaweza kumkubali hata kama si chaguo lao. Kati ya hayo mawili kuna kitu tulichokiita dari. Ukiwahesabu wale walioapa kwamba huyu hawatampa kamwe, waliobaki ndio dari yake. Mtu anaweza kuwa na nguvu za simba chini ya dari fupi, na kila akirukaruka anajigonga kichwa.

Miaka ilipita. Nilihamishiwa Beni, nikafanya kazi katika komini ya Beu, moja ya tarafa za mji, chini ya chef de bureau, mkuu wa ofisi aliyependa sana mihuri na kuwachukia watu wanaochelewa. Nikarudishwa Butembo. Katibu wangu alistaafu, akaja bwana mwingine juu ya wote, Président fédéral, mtu wa suti na simu tatu. Nami nikawa chef wa upimaji. Ndipo chama kilipoamua kwamba mgombea wake wa urais wa nchi atachaguliwa kwa kura za ndani, yaani primaire. Kila eneo lilitakiwa kupeleka ripoti ya upimaji, ili wajumbe wasome kabla ya kupiga kura.

Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa kahawa wa hapa Butembo, aliyejenga shule mbili na kufungua barabara za mashambani kwa mashine zake mwenyewe. Wa pili alikuwa Maître Odette, wakili wa Kisangani, mwanamke mtulivu ambaye kwetu wengi hawakuwahi hata kuiona picha yake. Mambo yangekuwa mepesi kama Papa Kambale angekuwa mgeni kwangu. Lakini alikuwa parrain wa binti yangu Masika. Ndiye aliyemshika siku ya ubatizo. Mume wangu alikuwa msimamizi wa depo yake.

Butembo sikuhitaji kupima. Ukitaja jina lake, wamama walipiga vigelegele. Nilikwenda Beni pamoja na mwenzangu Muhindo, mtu mzima, baba wa watoto sita, asiye na haraka hata ya kumeza mate. Tulianza na wanunuzi wa kakao, kisha tukaingia komini ya Ruwenzori.

Kule, miaka hii ya mauaji, mgeni mwenye daftari anaogopwa, kwani hakuna anayejua orodha itaishia mikononi mwa nani. Tulikuwa tumemaliza nyumba ya nne pikipiki mbili zilipotuzibia njia, moja mbele, nyingine nyuma. Vijana wakatuzunguka. Walifika kumi, kisha ishirini. Mmoja mrefu, mwenye panga la shamba mkononi, alinyoosha mkono.

"Mama, leta ile kaye. Unaandikaka majina ya nani?"

"Siandikake majina," nilimjibu.

"Bote banasemaka vile," mwingine alisema nyuma yangu. "Na kisha batu banakufa."

Muhindo alitaka kueleza. Walimsukuma akakaa chini kwenye udongo. Nilitoa daftari, nikampa yule mrefu. Alifungua ukurasa, akageuza, akageuza tena. Hakukuwa na jina la mtu wala namba ya nyumba. Kulikuwa na vijistari tu, kimoja kwa kila jibu, chini ya maneno matatu.

"Hii ni nini? Soma kwa sauti, bote basikie."

Nikasoma. "Wanamjua. Wanamtaka. Hawamtaki kamwe." Nikaeleza kwamba ni habari ya Papa Kambale na Maître Odette, nani apelekwe kugombea urais. Niliwaona wakitazamana, na sikujua wanaelekea upande gani.

Yule mrefu alifunga daftari. "Na mbona hautuulize sisi?"

Basi nikawauliza palepale, barabarani, Muhindo akijipangusa suruali.

"Papa Kambale? Ule ni wetu," walisema kwa pamoja.

"Na Kisangani, na Kinshasa, watu watampa?"

Wakacheka, kicheko kisicho na furaha. "Kule banasemaka ni mutu wa Banande tu," alisema yule mrefu, maana Banande ndio kabila letu. "Nilifanya kazi Kisangani miaka mbili. Hawatamupa."

"Na Maître?"

Aliinua mabega. "Ule hatumujue. Mais hapana mubaya." Mais ni lakini ya Kifaransa chetu.

Nikachora vijistari vyangu. Chini ya "hawamtaki kamwe," Maître Odette hakuwa na hata kimoja. Yule kijana alinirudishia daftari, akatusindikiza mpaka barabara kubwa. Nilimwambia "Wasingya," asante ya kwetu. Tulipofika Beu, Muhindo akasema: "Mama, mimi narudia kulima." Na kweli, alirudi kulima.

Wapimaji wenzangu wa majimbo mengine walinisomea hesabu zao kwa simu. Zilifanana na maneno ya yule kijana. Nikaandika ripoti: Papa Kambale ana nguvu kubwa kwetu, lakini dari yake iko chini nje ya eneo letu; Maître Odette hajulikani, lakini hakataliwi; kwa uchaguzi wa nchi nzima, yeye ndiye mwenye nafasi.

Président fédéral aliniita bureau, akafunga mlango. Ripoti ilikuwa mbele yake.

"Mama Katungu, weye ni mutoto wa hapa?"

"Ndiyo, Président."

"Basi unataka tuambie inchi yote kama mutoto wetu hawezi?" Aligonga karatasi kwa kidole. "Badirisha sentensi moja tu. Andika 'ana nafasi kubwa ya kushinda.' Ni maneno tano."

"Utaandika weye, Président. Mais toa jina yangu."

"Bila jina yako hawataamini!" Alisimama. "Njo maana nakuomba kwa upole. Kesho asubuhi naitaka hapa. Ao ulete funguo ya bureau."

Nyumbani mume wangu alikuwa tayari anajua. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kitu kimoja: "Masika utamuambia nini juu ya parrain wake?" Kisha akanigeuzia mgongo.

Asubuhi sikwenda bureau. Nilikwenda depo. Papa Kambale alikuwa amesimama kati ya magunia ya kahawa, akinusa kiganja cha punje kama alivyozoea. Nilimpa ripoti, nikabaki nimesimama. Aliisoma yote, polepole, miwani ikiteleza puani.

"Weye, utanipigia kura?" aliuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Basi juu ya nini unaniandikia hivi?"

"Juu kura yangu ni ya Butembo, Papa. Butembo haiko inchi yote."

Alikaa juu ya gunia. Nilimwona mzee kwa mara ya kwanza. Kisha alichukua simu, akampigia Président fédéral mbele yangu. "Muache Mama apeleke kazi yake vile iko," alisema. "Mimi nitasimama tu. Nikianguka, nianguke nikijua." Hakunitazama nilipoaga.

Alisimama. Kwenye primaire, kwetu alipata karibu kura zote za wajumbe. Majimbo mengine yalimwacha, na Maître Odette akawa mgombea wa chama.

Miezi iliyofuata ilikuwa michungu. Walisema nimemuuza mtoto wa nyumbani. Muuza viazi niliyemnunulia tangu nikiwa msichana alikunja turubai lake aliponiona. Mume wangu alikula bugali yangu bila neno. Nilivumilia kwa kujiambia kwamba siku ya uchaguzi itanitetea.

Siku hiyo ilifika, na mvua ikafika nayo. Maître Odette alishindwa, tena vibaya. Hata huku kwetu, ambako hakuna aliyemkataa, mistari ya watu wetu ilikuwa mifupi.

Nilikutana na Papa Kambale mwaka huohuo, kwenye mazishi ya Katibu wangu wa zamani. Tulikuwa tunatoka makaburini, viatu vimejaa udongo. Alipunguza mwendo mpaka nikamfikia.

"Mama Katungu, mimi ulinipima sawa," alisema. "Sina maneno. Mais ule Maître, ulihesabu batu hawamukatae, ukazania ni batu wake. Mutu haamke saa kumi na moja, na mvua, juu ya mutu hamukatae."

Alinipa mkono, akauliza habari za Masika, akaenda zake. Wiki ile nilipeleka funguo bureau, kwa hiari yangu.

Sasa nimestaafu. Nalima vitunguu, naenda misa, na mume wangu amerudi kunisimulia habari za depo. Vijana wa vyama mbalimbali hunijia na kompyuta zao kuomba ushauri. Huwa nawaambia mambo ya dari na ya jirani, na kwamba kumpenda mtu kusiwazuie kumpima. Hayo yote ni kweli, na ningeiandika ripoti ile tena, ila ningeongeza swali moja: "Siku hiyo ikinyesha, utatoka?" Swali hilo hakunifundisha mtu, wala sikulisikia nikiwa bado na daftari mkononi.

Wakiniuliza nilijuaje kwamba ndilo lililokosekana, huwa nawaambia habari za Papa Kambale makaburini. Leo nitaandika iliyobaki. Nilijua kabla yake. Asubuhi ile ya uchaguzi niliamka saa kumi na moja, nikawasha mkaa, nikachungulia nje. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kituo cha kura kilikuwa mbali, na goti liliniuma, si sana. Mgombea alikuwa yule niliyemtetea mpaka nyumba yangu ikanyamaza. Nikamimina chai, nikakaa. Nikajiambia nitakwenda ikitulia.

Ilitulia saa saba. Sikwenda.