Nduru Iliyotoka kwa Televisheni

Harufu ya gunia lililonyeshewa ikinifikia popote, hata hapa bwenini tunapoanika matambara ya kupigia deki, mimi hurudi nyumbani kwetu upande wa Kaplong. Ni Jumamosi, saa tisa na nusu mchana, likizo ya Agosti, na mimi niko darasa la tano. Mvua imeanza kugonga mabati. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama ukutani mara nyingi. Nilikuwa nangoja jioni.

Jioni ya Jumamosi ilikuwa yangu. Kogo, nyanya yangu, macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mimi ndiye niliyemsomea Biblia, sura ile ambayo ingesomwa kanisani kesho yake. Mbele ya watu sikuwa mtu wa maneno. Mwalimu akiniuliza swali, nilitazama viatu. Lakini kando ya Kogo, karibu na moto, nilisoma bila kukwama hata mahali pamoja, naye akitikisa kichwa polepole. Hakuna mtu mwingine aliyepewa kazi hiyo.

Halafu Mercy akaja likizo. Mercy ni binti wa baba mdogo, tulikuwa rika moja, ila yeye alikaa Kericho mjini. Alikuwa na kicheko cha kufungua milango. Kogo alimshika mikono siku ya kwanza akasema ni laini kama siagi ya kibuyuni. Yangu ilikuwa na weusi wa utomvu wa majani chai hata ningeisugua na jiwe. Nitakuambia ukweli: nilimwonea wivu, nikaificha mikono yangu nyuma.

Siku hiyo watu wazima walikuwa wameteremka kwa kituo cha kuuzia majani chai, kungoja lori. Mercy akatoa flashi aliyopewa na kaka yake. "Ni picha ya wauaji," akasema. "Wanavaa barakoa. Hata mimi sijaiona, nimeogopa kuiona peke yangu." Kaka yangu Kibet akaunganisha spika yake kubwa kwa televisheni. Ndani ya nyumba spika hiyo ilitingisha vikombe kabatini, kwa hivyo akaiweka dirishani, ikitazama nje.

Picha yenyewe ilikuwa ya msichana katika nyumba kubwa msituni, na watu wawili waliofunika nyuso kwa vitambaa vilivyopakwa majivu. Tulikaa tumebanana kwa kiti kimoja. Yule wa kwanza alipotokea nyuma ya pazia, msichana akapiga nduru ndefu, halisi, ya mwanamke. Spika ya Kibet ikaichukua ikaivusha bonde lote.

Sasa, kwetu nduru si kelele. Ukiisikia unaacha ulichoshika, uwe unakamua au unakula, unakimbia. Jirani akipiga nduru nawe ukabaki umekaa, utaulizwa mbele ya watu ulikuwa wapi. Kwa hivyo sisi tulikuwa hapo tumekodoa macho kwa muuaji, mara mlango ukafunguliwa kwa teke, na pale mlangoni wakasimama watu walioficha vichwa kwa magunia yanayochuruzika maji, panga mikononi.

Kibet aliingia chini ya meza. Mimi sauti ilikataa kutoka. Ni Mercy aliyesimama akasema, "Ni picha tu. Ni picha."

"Picha?" Aliyekuwa mbele alikuwa Mzee Koech, jirani yetu wa chini, na rungu lake. "Nimeacha majani yangu kwa mvua, nimeruka mtaro na goti langu hili, kwa sababu ya picha?"

Nyuma yake alikuwa Mama, na Mama Atieno aliyekuja kutoka Kisumu zamani akawa anatuchumia majani, na nyuma kabisa Kogo, aliyekuwa jikoni kwake, akipapasa njia kwa fimbo. Tulijua tutachapwa. Lakini Mzee Koech alivua gunia, akavuta stuli.

"Siwezi kurudi hivyo," akasema. "Rudisha nyuma. Nataka kujua huyo msichana amefanywa nini."

Wakakaa wote. Sebule ikajaa harufu ya gunia bichi na majani chai. Kogo akauliza nani atamwambia kinachoendelea, na kabla sijafungua mdomo Mercy alikuwa ameshapiga magoti kando yake, anamtafsiria Kiingereza na kumchorea kwa maneno kila mtu alivyovaa. Mkono wa Kogo ulikuwa begani mwake. Sikuiangalia tena televisheni vizuri. Niliangalia ule mkono.

Na maoni? Hakuna aliyengoja picha iishe.

"Ai, huyu naye!" Mama Atieno akapiga paja. "Ameambiwa kuna muuaji, yeye anaenda kuoga!"

"Dirisha kubwa hivyo bila grili," Mzee Koech akasema. "Hata mimi na goti langu ningeingia."

Mama yeye alishangaa wauaji hawana shamba. "Mtu mzima azunguke na kisu tangu asubuhi? Ng'ombe wake anakamuliwa na nani?"

 Kogo akauliza, "Huyo mtoto amepiga nduru mara ngapi? Majirani wake wako wapi?"

"Kogo, huko mtu akisikia nduru anafunga mlango," Mercy akamjibu. "Hata sisi, kwa ploti yetu ya nyumba za kupanga Kericho, tunafunga."

"Basi wauaji si hao wawili peke yao," Kogo akasema.

Mimi nami nilikuwa na langu. Nilikuwa nimeona viatu. Muuaji mfupi alivaa viatu vya shemeji wa msichana, yule aliyeleta keki mwanzoni. Nilinong'ona, "Ni shemeji yake." Ilitoka ndogo kama pumzi. Papo hapo Mercy akasema kwa sauti yake ya kengele, "Ni shemeji yake! Angalieni viatu!" Barakoa ilipoanguka na uso wa shemeji ukatokea, nyumba nzima ikamshangilia. "Huyu mtoto ana akili!" Mzee Koech akasema. Labda Mercy alinisikia, labda naye aliviona mwenyewe. Siku hiyo sikumpa hiyo labda ya pili.

Jioni nilileta Biblia kama kawaida. Kogo akasema, "Leo wacha Mercy anisomee."

Biblia yetu ni ya Kikipsigis, na Mercy mtoto wa mjini alijikwaa kila mstari. Alivunja maneno, akayageuza, na Kogo akacheka mpaka akajipangusa machozi, akimrekebisha neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimesoma miaka miwili bila kosa na sikuwahi kumchekesha hata mara moja. Nilienda kulala nikiwa nimeuma shuka.

Asubuhi ya Jumapili niliamka mapema, nikachukua ndoo nikaenda kukamua peke yangu. Nilitaka waamke wakute maziwa tayari na mtu aulize ni nani. Ng'ombe wetu alikuwa amezaa juzi tu, na mimi kwa hasira nilimkaribia vibaya. Alinisukuma kwa ubavu, akanibana kwenye mbao, uzito wake wote juu ya kifua changu. Nikapiga nduru.

Upande wa chini nikasikia mtu akisema, "Hao watoto! Hata Jumapili wameweka picha!" Kisha kicheko. Hakuna mlango uliofunguliwa. Nikapiga ya pili, fupi, pumzi ilikuwa inaisha.

Mtu akaja mbio kwenye matope. Alikuwa Mercy, miguu mitupu, gauni la kulalia, mwiko mkononi, uso umelowa machozi. Alisimama mlangoni mwa zizi akizungusha macho kila kona. "Wako wapi?" akaniuliza. "Chepkorir, wako wapi?" Ndipo alipoona ng'ombe, akamchapa kwa mwiko mpaka akasogea, nami nikaanguka kwenye majani.

Kwa miaka nilikumbuka tu aibu ya kuonwa nikilia. Hilo swali lake nimelielewa juzijuzi, nikiwa mkubwa. Hakuuliza yuko wapi. Aliuliza wako wapi. Alidhani wale wawili wa barakoa wamo zizini nami, na akaja hivyo hivyo, na mwiko, yeye wa ploti ambako watu hufunga milango.

Kogo akafika akipapasa ukuta. Alifuata kilio, na aliyekuwa analia kwa sauti ni Mercy, kwa hivyo akamkumbatia Mercy. Niliona wivu. Hata pale, mbavu zikiniuma, niliona wivu.

"Kogo," nikasema, na nikajisikia nikisema kwa nguvu, "ni mimi niliyepiga nduru."

Uso wake ukageuka upande wangu, na mkono mmoja ukaanza kunitafuta hewani. Niliusogelea ukanipata. Kisha nikaokota ndoo, nikaweka stuli vizuri, nikamwambia Mercy ashike mkia. Akaushika kwa mikono miwili, mwiko umebanwa kwapani, nami nikakamua.